Maisha ya Mwalimu Julius Nyerere, Mwana wa Butiama, na Kazi ya Kuwasomesha Watu wa Vijijini



Katika kijitabu hiki cha jubilei twawakumbuka wengi waliolijenga jimbo letu: mapadre, masista, makatekista na wazee wa parokia. Si vema tukawasahau walei. Kwa hiyo tumeona yafaa kuwasimulia habari za mtu mmoja ambaye hakuwa padre wala bruda, bali mwalimu wa shule, naye alizaliwa kwetu, akabatizwa kwetu, na kaburi lake li kwetu. Huyo ndiye Julius Kambarage Nyerere wa Butiama.

Wote wamjua kwa cheo chake, ya kuwa alikuwa Rais wa kwanza wa nchi yetu. Habari za siasa zake zimeandikwa na wengi, wala hatutaki kuzirudia zote hapa. Sisi twataka kueleza jambo moja tu katika maisha yake, yaani kazi aliyoifanya ili watu wa vijijini wajue kusoma, na wakiisha kujua wapate vitabu vya kusoma. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika katika nchi hii ya Mara na kandokando ya Ziwa. Tena kazi yenyewe haijakwisha. Ndiyo sababu twaileta mbele yenu, hasa ninyi walimu.

Utoto wake

Kambarage alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama. Baba yake alikuwa Nyerere Burito, mtemi wa Wazanaki, mtu mwenye wake wengi. Mama yake aliitwa Mugaya. Wasema kwamba siku alipozaliwa mvua kubwa ilinyesha, kwa hiyo akapewa jina Kambarage, ambalo kwa Wazanaki ni jina la mzimu wa mvua. Alikua kama watoto wengine wa kijiji: alichunga mbuzi, akalima pamoja na mama yake, akasikiliza mazungumzo ya wazee. Nyumbani hapakuwa na kitabu hata kimoja. Lugha yake ilikuwa Kizanaki, na Kiswahili alijifunza shuleni.

Alipokuwa na umri wa miaka 12, mwaka wa 1934, baba yake alikubali apelekwe shule ya Mwisenge, mjini Musoma. Toka Butiama hata Musoma ni mwendo wa maili 26 hivi, na siku zile mtoto alikwenda kwa miguu, akalala huko huko bweni. Twaomba wasomaji waukumbuke mwendo huo. Mtoto yule alikuwa mwana wa mtemi, na hata hivyo kitabu cha kwanza alikipata mbali na kwao. Je, watoto wa watu wasio na cheo walikipata wapi? Wengi hawakukipata kabisa mpaka wakafa.

Pale Mwisenge alifanya masomo ya miaka minne kwa miaka mitatu. Pamoja na rafiki zake alianza pia kufuata mafundisho ya dini ya Mapadre Weupe wa misioni ya Nyegina. Mwaka wa 1937 akapelekwa shule ya Serikali ya Tabora, akakaa huko hata mwaka wa 1942. Mwaka huo baba yake alifariki. Tarehe 23 Desemba 1943 Kambarage alibatizwa Nyegina, akapewa jina Julius.

Masomo ya juu na kazi ya ualimu

Kutoka Tabora alikwenda chuo cha Makerere, Uganda, kujifunza ualimu. Huko alisoma vitabu vingi, tena hakuvisoma ili kupita mtihani tu. Alisoma maandiko ya Mwingereza John Stuart Mill juu ya hali ya wanawake, kisha akaandika insha akiyalinganisha na maisha ya akina mama wa kabila lake mwenyewe. Hapo twaona desturi aliyoishika maisha yake yote: kitabu cha mbali alikileta nyumbani, akauliza kina faida gani kwa watu wake.

Mwaka wa 1946 alianza kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Mwaka wa 1949 akaenda Scotland, katika chuo kikuu cha Edinburgh, akarudi mwaka wa 1952 na shahada yake. Alipofika Butiama alifinyanga matofali kwa mikono yake mwenyewe ili ajenge nyumba, na watu wengine walistaajabu kuona mtu mwenye elimu kama ile akikanyaga udongo. Mwezi wa Januari 1953 alimwoa Maria Gabriel Magige hapa Musoma, wakaenda Pugu karibu na Dar es Salaam, akafundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko.

Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilianzishwa, naye akawa mkuu wake. Mwezi wa Machi 1955 alikwenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, na aliporudi ilimpasa kuchagua kati ya shule na siasa. Akaacha kazi ya ualimu na mshahara wake, akarudi kwao.

Miezi ile ya Musoma

Watu wengi hawaijui habari hii, walakini kwetu ni habari ya nyumbani. Mapadre wa Maryknoll walikuwa wamefika katika nchi hii mwaka wa 1946, na wengine kati yao hawakujua bado lugha za wenyeji. Basi, katika mwaka huo wa 1955, Julius Nyerere alikaa nao kwa miezi kadhaa, akawafundisha Kizanaki na kutafsiri maandiko ya dini kwa lugha hiyo, ili wazee wasiojua Kiswahili wapate kuyaelewa. Mtu aliyetoka kusema mbele ya mataifa aliketi mezani na padre mgeni, akamrudishia neno moja moja mpaka alitamke sawasawa. Hakuiona kazi hiyo kuwa ndogo, naye alipata riziki yake kwayo.

Vitabu alivyovitafsiri

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwalimu, maana ndilo jina watu walilompa na alilolipenda, alikuwa na shughuli nyingi mno. Hata hivyo alipata nafasi ya kutafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari, ukapigwa chapa mwaka wa 1963. Mwaka wa 1969 ukafuata mchezo wa pili, Mabepari wa Venisi. Wako waliosema ya kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba mawazo makubwa. Naye aliwajibu kwa kazi ya kalamu. Tena alijua ya kuwa mtu wa kijijini hawezi kupenda kusoma ikiwa vitabu vyote vizuri vimeandikwa kwa lugha asiyoijua.

Kisomo cha ngumbaru

Hesabu ya watu ya mwaka wa 1967 ilionyesha ya kuwa, katika kila watu wazima 100, kama 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka huo huo Mwalimu aliandika mafundisho yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Aliona ya kuwa nchi haiwezi kungoja watoto wakue, kwa sababu wanaolima na kulea watoto sasa ni watu wazima. Basi mwishoni mwa mwaka wa 1969 alitangaza kwa redio ya kuwa mwaka wa 1970 utakuwa mwaka wa elimu ya watu wazima.

Lakini huku kwetu kazi ilikuwa imekwisha kuanza. Toka mwaka wa 1968 Serikali, pamoja na shirika la UNESCO, walifanya kazi ya majaribio katika mikoa ya Ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo sasa yaitwa Kagera. Makao yake yalikuwa Mwanza, nayo ikaendelea hata mwaka wa 1972. Vitabu vya kazi hiyo havikuwa vya kitoto. Mkulima alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi, mfugaji kwa kitabu cha ng'ombe, na akina mama kwa kitabu cha utunzaji wa nyumba. Neno ambalo mtu alijua tangu utoto, kama samaki, lilikatwa vipande, sa-ma-ki. Na kwa vipande hivyo aliweza kuunda maneno mengine, kama kima na kisa. Hivyo mtu wa Bunda mwenye shamba la pamba hakuona ya kuwa amegeuzwa mtoto.

Ni nani waliofundisha? Walimu wa shule hawakutosha hata kidogo. Kwa hiyo wakaitwa watu wa kujitolea: vijana waliomaliza darasa la saba, makarani, makatekista, na mtu yeyote aliyejua kusoma vizuri. Hao walipewa shilingi 30 kwa mwezi kama ahsante, wala haukuwa mshahara. Darasa lilifanyika alasiri, kazi za shamba zikiisha, chini ya mwembe, katika jengo la shule, au ndani ya kanisa. Watu wakayaita madarasa hayo kisomo cha ngumbaru. Wengi wa wanafunzi walikuwa akina mama, na wengine walikuja na mtoto mgongoni. Mzee mwenye wajukuu alimwita kijana wa miaka 18 mwalimu, na kijana naye alimwamkia mzee shikamoo kabla ya kumpa chaki. Heshima haikupotea upande wowote.

Mwaka wa 1973 palikuwa na mafundisho ya redio yaliyoitwa Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu pamoja, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Viongozi wa vikundi 75,000 hivi walifundishwa kwa kazi hiyo. Mwezi wa Novemba 1974 wakuu wa TANU walikutana hapa Musoma, wakaazimu ya kuwa watoto wote wapate nafasi ya shule ya msingi ifikapo Novemba 1977, ingawa mpango wa kwanza ulikuwa kungoja hata mwaka wa 1989. Azimio hilo laitwa Azimio la Musoma hata leo.

Matunda yakaonekana. Mitihani ya kisomo ilifanywa nchi nzima, na hesabu ya wasiojua kusoma ikapungua: 39 katika kila 100 mwaka wa 1975, 27 mwaka wa 1977, 15 mwaka wa 1983, na kama 10 tu mwaka wa 1986.

Kazi ya maktaba

Mwalimu alijua ya kuwa kufundisha herufi ni mwanzo tu. Mtu aliyejifunza kusoma, asipate kitu cha kusoma, husahau, kama shamba lisilopaliliwa lirudivyo kuwa pori. Zamani za ukoloni, toka mwaka wa 1948, palikuwa na ofisi ya vitabu ya Afrika ya Mashariki iliyopeleka masanduku ya vitabu huku na huku, lakini waliofikiwa walikuwa wachache. Mwaka wa 1963 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha huduma za maktaba kwa nchi nzima. Tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kukumbuka uhuru, Mwalimu mwenyewe alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Baadaye maktaba za mikoa zikafuata, na vijijini zikapelekwa rafu za vitabu, zikawekwa shuleni au katika ofisi ya kijiji chini ya ulinzi wa mtu wa kujitolea. Kwa ajili ya wasomaji wapya wa mikoa yetu ya Ziwa palikuwa pia na gazeti lililoitwa Elimu Haina Mwisho, lililopigwa chapa Mwanza kwa maneno mepesi.

Taabu zilizokuja

Tusingekuwa wakweli kama tungesimulia mema tu. Katika mwaka ule ule wa 1974 watu wengi wa Mara walihamishwa kwenda vijiji vipya. Wengine waliacha mashamba yao na makaburi ya baba zao bila kupenda, na nyumba zikabomolewa au kuchomwa moto. Mwalimu aliamini ya kuwa watu wakikaa pamoja watapata shule, maji na dawa. Na kweli shule nyingi zilipatikana hivyo. Walakini uchungu ule ulibaki katika mioyo ya wazee, na si haki kuuficha.

Kisha, mwaka wa 1978 na 1979, vikaja vita na Idi Amin wa Uganda. Bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikaisha. Karatasi ya kupigia chapa ikawa haba, mafuta ya taa yakawa ya kupanga foleni, magari ya kupeleka vitabu yakakosa vipuri. Shilingi 30 za mwalimu wa kujitolea zilipungua thamani, na mara nyingine hazikufika. Madarasa ya ngumbaru yakafungwa moja baada ya moja. Rafu za vijijini zikabaki na vitabu vile vile vya zamani, mpaka vikachakaa. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2002 ilionyesha ya kuwa watu wazima kama 69 katika kila 100 ndio waliojua kusoma. Hesabu hizi mbili hazikupimwa kwa njia moja, kwa hiyo hatuwezi kuzilinganisha kabisa. Lakini kila katekista aliyeona mzee mwenye cheti cha kisomo akishindwa kusoma kitabu cha nyimbo ajua maana yake.

Miaka ya mwisho

Mwalimu aliacha urais mwaka wa 1985, akarudi kukaa Butiama. Hapo alilima, akasali, akawapokea wageni wa kila namna, na akasoma. Nyumbani kwake aliweka maktaba yenye vitabu vingi mno. Mtoto aliyetembea maili 26 kutafuta kitabu cha kwanza alirudi kijiji kile kile na vitabu vya kujaza chumba. Wala hakuacha kuandika: alizitunga Injili nne na Matendo ya Mitume kwa tenzi za Kiswahili, na vitabu hivyo vilipigwa chapa mwaka wa 1996. Alichagua tenzi kwa kuwa watu wetu hukumbuka upesi maneno yenye vina, hata wasiojua kusoma.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa ugonjwa wa damu, akazikwa Butiama. Mwaka huo huo nyumba ya makumbusho yenye jina lake ilikuwa imefunguliwa huko. Mwaka wa 2005 jimbo letu la Musoma lilianza uchunguzi wa maisha yake, naye sasa aitwa Mtumishi wa Mungu. Hukumu ya jambo hilo ni ya Kanisa. Sisi twaombea tu.

Neno kwa parokia na walimu

Basi, wapenzi, twajifunza nini? Tumewahi kuona katika shule moja, ambayo hatutaitaja, masanduku ya vitabu vya msaada yamefungwa kwa kufuli. Mkuu wa shule aliogopa visipotee, kwa hiyo hakumwazima mtu. Siku sanduku lilipofunguliwa, mchwa walikuwa wamevila. Hakikupotea kitabu hata kimoja, wala hakikusomwa hata kimoja. Yule mkuu hakuwa mtu mbaya. Alitunza mali kama alivyofundishwa, lakini hakufundishwa ya kuwa kitabu hutunzwa kwa kusomwa.

Kwa hiyo twawasihi neno jepesi. Kila parokia, iwe Musoma, iwe Butiama, iwe Bunda ambayo ilikuwa sehemu ya jimbo letu hata ilipofanywa jimbo mwaka wa 2010, iweke kabati moja la vitabu na daftari la kuazimia. Achaguliwe mtu mmoja mwaminifu wa kulifungua baada ya Misa na siku moja katikati ya juma. Walimu wastaafu wako, wana nguvu bado, na wengi wangependa kuitwa. Vijana wa sekondari wakiwa likizo waweza kuwasomea wazee, na kuwafundisha wasiojua. Tena msisite kwenda kwa wakutubi wa maktaba ya mkoa iliyoko Musoma kuomba shauri. Kazi yao ni hiyo. Na kitabu kikipotea, andikeni katika daftari kwamba kimepotea, kisha mwazimeni mtu mwingine kinachofuata.

Mwalimu hakumaliza kazi hii. Aliianza na watu wasio na fedha, kwa chaki na ubao, chini ya miembe ya vijiji hivi hivi. Miembe mingine ingalipo, na walimu mngalipo ninyi. Mungu ampe raha ya milele, na atupe sisi moyo wa kuendelea.